Onondaga hawakuomba mtu ahamishwe, mahakama ikasema wanavuruga

Tarehe 11 Machi 2005 Taifa la Onondaga lilifungua shauri katika mahakama ya shirikisho, kaskazini mwa Jimbo la New York. Ardhi iliyotajwa kwenye hati ni ukanda unaoanzia mpaka wa Canada na kushuka hadi mpaka wa Pennsylvania, ekari zipatazo milioni 2.5. Ndani ya ukanda huo imo miji ya Watertown, Syracuse na Binghamton. Walioshtakiwa ni jimbo lenyewe, Kaunti ya Onondaga, Jiji la Syracuse, kampuni ya Honeywell na kampuni nyingine chache ambazo Onondaga wanazilaumu kwa kuharibu mazingira.

Anayesikia ekari milioni mbili na nusu atadhani watu wa Syracuse walianza kufunga virago. Hawakuwa na haja. Onondaga walieleza tangu mwanzo kwamba hawataki mtu yeyote atolewe nyumbani kwake, hawadai kodi ya pango ya miaka mia mbili, na hawatafuti kibali cha kasino. Walichoomba ni tamko la mahakama kwamba ardhi hii ilichukuliwa kinyume cha sheria za Marekani yenyewe na kwamba haki yao juu yake haijafa. Wakiwa na tamko hilo mkononi wangeweza kukaa meza moja na jimbo kuzungumzia jinsi maji, misitu na hasa Ziwa Onondaga vinavyotunzwa.

Septemba 2010 Jaji Lawrence Kahn alilitupa shauri hilo. Mahakama ya rufaa ilimuunga mkono mwaka 2012, na Oktoba 2013 Mahakama ya Juu ikakataa hata kulipokea. Katika miaka yote hiyo minane na ushei hakuna jaji aliyekaa kuchunguza kama ardhi ilichukuliwa kihalali au la. Jibu walilopewa Onondaga lilikuwa na sehemu mbili: mmechelewa, na mnavuruga. Naona sehemu zote mbili ni dhaifu, na ile ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi.

Tuwajue kwanza wenyewe. Haudenosaunee, ambao vitabu vingi huwaita kwa jina walilobandikwa na Wafaransa, Iroquois, ni muungano wa mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca, na Tuscarora waliojiunga mwanzoni mwa karne ya 18. Masimulizi yao yanasema muungano ulifungwa kando ya Ziwa Onondaga, baada ya Mleta Amani na mwenzake Hiawatha kumtuliza Tadodaho, mtawala katili ambaye nywele zake zilijaa nyoka. Onondaga wakakabidhiwa kazi ya kuutunza moto wa baraza kuu. Hadi leo anayeongoza baraza hilo hubeba jina la Tadodaho, na machifu huteuliwa na akina mama wakuu wa koo, ambao pia wana uwezo wa kuwavua cheo. Serikali hiyo haikuletwa na Washington wala Albany, makao makuu ya Jimbo la New York, na haijawahi kuvunjwa.

Vita vya uhuru wa Marekani ndivyo vilivyowaumiza. Aprili 1779 Kanali Goose Van Schaick alivamia vijiji vya Onondaga na kuvichoma, na miezi michache baadaye jeshi la Jenerali Sullivan likateketeza makazi na mashamba ya mahindi ya Wacayuga na Waseneca. Amri ilitoka kwa George Washington. Katika lugha za Haudenosaunee jina lake ni Mteketeza Miji, na wamerithishwa jina hilo marais wote waliomfuata.

Vita vilipokwisha, New York ilikuwa na askari wanaodai malipo na hazina isiyo na fedha. Jimbo lilikuwa limewaahidi ardhi, ila ardhi yenyewe ilikuwa ya watu. Septemba 1788 Gavana George Clinton aliwakutanisha watu wa Onondaga pale Fort Schuyler na kuondoka na karatasi inayolikabidhi jimbo karibu nchi yao yote, wao wakibakiwa na eneo dogo kuzunguka makazi yao. Malipo yalikuwa fedha taslimu kidogo, nguo, na ahadi ya dola 500 kila mwaka. Onondaga wanasema waliotia alama kwenye karatasi ile hawakutumwa na baraza. Wapimaji waliingia, nchi ikakatwa vipande vya ekari 600 kwa kila askari, na makarani wakavipa vitongoji majina ya Kirumi na Kiyunani: Pompey, Fabius, Cato, Ovid, Homer. Ukipita huko leo utadhani wenyeji wa kale wa nchi hiyo walikuwa maseneta wa Roma.

Hapa lazima tuwe wakweli, maana wengi wanaowatetea Onondaga hupaharakisha. Karatasi ya 1788 ina utetezi wake kisheria. Ilitangulia sheria ya mwaka 1790 ambayo Bunge la Marekani lilipiga nayo marufuku ununuzi wa ardhi ya wenyeji bila mkataba unaosimamiwa na serikali kuu. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Waoneida, iliamua kwamba manunuzi ambayo New York ilifanya kabla ya Katiba kuanza kazi hayabatiliki kwa sababu hiyo. Kwa hiyo shauri la Onondaga lingesikilizwa, huenda wangeshindwa katika sehemu kubwa ya ule ukanda. Sawa. Wangeshindwa baada ya ushahidi kutolewa na jaji kuandika kwa nini, na hiyo ingekuwa hukumu.

Manunuzi yaliyofuata hayana pa kujifichia. New York ilirudi kwa Onondaga mwaka 1793, ikarudi 1795, kisha 1817 na 1822, kila mara ikimega kipande, na kila mara bila mkataba wa serikali kuu. Katikati ya safari hizo, tarehe 11 Novemba 1794, Marekani ilitia saini Mkataba wa Canandaigua, Timothy Pickering akimwakilisha Rais Washington. Kifungu cha pili kinakiri kwamba ardhi ya Oneida, Onondaga na Cayuga ni mali yao, na Marekani inaahidi kutoidai kamwe wala kuwasumbua humo. Jimbo haliwezi kusema halikujua. Mwaka uliofuata, Juni 1795, Mwanasheria Mkuu wa Marekani William Bradford alitoa maoni ya maandishi kwamba New York haina uwezo wa kununua ardhi hiyo peke yake. Julai wajumbe wa jimbo walikwenda Cayuga Ferry wakanunua.

Mkataba huo wa 1794 haujafutwa. Kila mwaka serikali ya Marekani bado hutuma vitambaa vya pamba kwa mataifa ya Haudenosaunee, kama sehemu ya dola 4,500 zilizoahidiwa katika kifungu cha sita. Thamani ya fedha hizo imeliwa na miaka, na kitambaa chenyewe si cha kujivunia, lakini wazee wanasisitiza kiletwe. Anayelipa deni hawezi kusema mkataba umekufa. Jimbo nalo hupeleka chumvi kila mwaka kwa Onondaga kutokana na karatasi zake lenyewe, jambo ambalo lina kejeli yake, kwa kuwa chumvi ya kando ya ziwa lile ndiyo iliyoijenga Syracuse.

Kuna pia mkanda wa wampum, ushanga wa magamba ya baharini, unaohusishwa na mkataba huo. Una urefu wa futi sita hivi. Katikati imesukwa nyumba, na watu wawili wamesimama ubavuni mwake, walinzi wa milango ya mashariki na magharibi, Mohawk na Seneca. Kutoka hapo watu 13, ndiyo majimbo 13 ya mwanzo, wamepangana huku na huku wakiwa wameshikana mikono. Mtu asiyejua kusoma neno moja la Kiingereza anaweza kuusoma. Mwishoni mwa karne ya 19 mikanda mingi ya Onondaga iliishia kwenye makumbusho ya Jimbo la New York, na kesi waliyofungua kudai mingine iliyokuwa mikononi mwa aliyekuwa meya wa Albany walishindwa. Jimbo liliirudisha mikanda 12, huu ukiwa mmojawapo, mwaka 1989. Kwa miongo kadhaa mshtakiwa mtarajiwa ndiye aliyekuwa ameshika kielelezo cha mdai.

Sasa turudi kwenye kuchelewa. Mahakama inapomwambia mtu amechelewa, inamaanisha mlango ulikuwa wazi na yeye akazembea. Mlango upi? Mahakama za New York zilishikilia kwamba taifa la wenyeji haliwezi kushtaki bila ruhusa maalumu ya bunge la jimbo, yaani ruhusa ya aliyenunua. Mahakama za shirikisho nazo zilisema hilo si jambo lao. Mmohawk mmoja, James Deere, alijaribu miaka ya 1920 na shauri lake likatupwa mwaka 1927 kwa sababu hiyo hiyo. Ni mwaka 1974, katika kesi ya Waoneida, Mahakama ya Juu ilipotamka kwa mara ya kwanza kwamba mataifa haya yanaweza kuleta madai ya namna hii mbele ya mahakama za shirikisho. Hesabu kuanzia 1795: ni miaka 179 ya kufuli.

Wala hawakunyamaza katika kipindi hicho. Malalamiko yao yalipelekwa Albany na Washington kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1922 tume ya bunge la New York chini ya Edward Everett, mbunge wa jimbo, ilihitimisha kwamba Mataifa Sita bado yana haki juu ya ekari milioni sita. Bunge lililomtuma halikutaka kuisikia ripoti yake, ikawekwa kapuni.

Inabaki miaka 31, kutoka 1974 hadi 2005. Hapo ukitaka kuwalaumu Onondaga unayo nafasi. Baraza lao huamua kwa kuafikiana wote, na kuafikiana kunachukua muda. Lakini waulize waliowahi. Waoneida walifungua kesi yao ya kwanza mwaka 1970, ya majaribio, wakidai kodi ya miaka miwili tu kutoka kwa kaunti mbili, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi kwa kura tano dhidi ya nne. Shauri lao kubwa, lililofunguliwa 1974, lilitupwa 2010. Wacayuga walifungua lao 1980, wakaamuliwa kulipwa dola milioni 247.9, kisha Juni 2005 mahakama ya rufaa ikafuta yote, mpaka senti ya mwisho. Aliyekuja asubuhi na aliyekuja jioni wote wameambiwa wamechelewa. Basi saa siyo iliyowakosesha.

Kilichotokea ni kesi ya Sherrill. Waoneida walinunua tena kwa fedha zao, sokoni kama mnunuzi yeyote, vipande vya ardhi yao ya zamani ndani ya mji mdogo wa Sherrill, wakasema hawatalipia kodi ya mali kwa sababu ni ardhi yao ya mkataba. Tarehe 29 Machi 2005, siku 18 baada ya Onondaga kufungua shauri lao, Mahakama ya Juu iliwakatalia kwa kura nane dhidi ya moja. Aliyeandika hukumu alikuwa Ruth Bader Ginsburg, jaji ambaye picha yake ilikuja kuchapwa kwenye fulana na vikombe vya kahawa kama mtetezi wa wanyonge. Aliandika kwamba Waoneida hawawezi kuyapuliza upya makaa ya utawala yaliyopoa zamani. Sijui kama alijua kwamba maili 30 hivi kutoka hapo kuna taifa ambalo kazi yake ni kuulinda moto wa baraza, na ambalo bado linakaa kuuzunguka.

Kesi ile ilihusu kodi. Waoneida hawakudai fidia, na suala la kuchelewa halikuwa limeombwa na mtu. Mahakama za chini zililichukua neno hilo na kulitanua mpaka likafunika kila dai la ardhi la Haudenosaunee, likiwa la kurudishiwa, la fidia, au la tamko tupu. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilieleza kwamba hii si hata ile kanuni ya kawaida ya kuchelewa, ambayo humtaka mshtakiwa athibitishe kwamba mdai alizembea. Inatosha kwamba miaka ni mingi, dai linavuruga, na waliopo wamejenga matarajio yao. Onondaga walipoomba nafasi ya kuthibitisha kwamba walilalamika kwa miaka mia mbili, haikusaidia kitu. Uzembe haukuwa tena hoja. Maji yamekwisha kumwagika hayazoleki, ndivyo walivyoambiwa, na aliyeyamwaga hakuulizwa.

Tanbihi ya kwanza ya hukumu ya Sherrill inataja fundisho la ugunduzi, kwamba Mkristo wa Ulaya aliyeifikia nchi kwanza ndiye mwenye hati yake, na mwenyeji anabaki na haki ya kukaa tu. Fundisho hilo liliingizwa rasmi kwenye sheria ya Marekani na Jaji Mkuu John Marshall mwaka 1823, lakini mizizi yake ni hati za mapapa wa karne ya 15. Msomaji wa pwani anaijua mojawapo bila kujua kwamba anaijua: ile ya mwaka 1455 iliyompa mfalme wa Ureno haki juu ya nchi za wasio Wakristo ndiyo iliyokuwa nyuma ya mizinga ya Wareno ilipofika Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Vatican ililikana fundisho hilo Machi 2023. Katika vitabu vya sheria vya Marekani tanbihi bado ipo pale pale.

Na uvurugaji je? Hofu ya wenye mashamba haikutoka hewani. Mwishoni mwa 1998 Waoneida, wakiungwa mkono na Wizara ya Sheria ya Marekani, waliomba kuwaongeza wamiliki binafsi wapatao 20,000 kwenye orodha ya washtakiwa. Fikiria umekopa benki ukajenga, kisha unasoma gazetini kwamba umeshtakiwa kwa kosa la gavana wa karne ya 18. Jaji alikataa ombi hilo mwaka 2000, lakini uhasama ulikuwa umeshaota mizizi, na mabango ya kupinga madai yakasimikwa kando ya barabara za vijijini. Onondaga waliyaona yote haya. Ndiyo maana shauri lao liliandikwa lilivyoandikwa, bila jina la mwenye nyumba hata mmoja. Walikwenda mbele ya jaji wakiwa wamekwisha kuondoa kila kitu kinachoweza kumtisha jirani, na bado wakaambiwa dai lao linavuruga. Kama tamko lisilomhamisha mtu linavuruga, basi kinacholindwa hapo ni jimbo lisisikie likiambiwa lilichofanya.

Ukitaka kuona uvurugaji, nenda kando ya ziwa. Kampuni ya Solvay, iliyokuja kuwa Allied Chemical, ilianza kutengeneza magadi pale miaka ya 1880 kwa kutumia chumvi na mawe ya chokaa ya nchi ile. Taka zake nyeupe zilirundikwa kando ya maji mpaka zikawa vilima. Kuogelea kulipigwa marufuku mwaka 1940. Kuanzia 1946 hadi 1970 kiwanda kilimwaga humo zebaki, kwa makadirio ratili 165,000, na mwaka 1970 uvuvi ukapigwa marufuku pia. Jiji nalo lilichangia kwa maji yake ya vyoo. Honeywell ilirithi deni hilo ilipoungana na AlliedSignal, mrithi wa Allied Chemical, mwaka 1999, ikakubali usafishaji wa dola milioni 451, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa kuchota tope chini ya ziwa na kufunika lililobaki kwa mchanga. Onondaga walipinga mpango huo kwa kuwa sumu nyingi inabaki pale pale chini ya blanketi. Kwenye ufuko mmoja wa taka za Solvay sasa kuna ukumbi wa wazi wa muziki, ulifunguliwa 2015. Watu huenda, hununua bia, hucheza.

Baada ya milango ya Marekani kufungwa, Aprili 2014 Onondaga walipeleka malalamiko yao kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, wakiwa na ule mkanda wa watu 13. Mwaka 2023 tume ilikubali kwamba shauri linafaa kusikilizwa. Marekani haijaridhia mkataba wa haki za binadamu wa bara hilo, kwa hiyo hata tume ikiwapa haki, hakuna wa kuilazimisha Washington. Wanaofuatilia yaliyowapata Waogiek wa Kenya, walioshinda katika Mahakama ya Afrika mjini Arusha mwaka 2017 na bado wanahangaika na msitu wa Mau, hawatashangaa. Lakini itakuwa mara ya kwanza chombo chochote kinawauliza Onondaga ni nini hasa kilitokea.

Wakati huohuo, kipande kimerudi. Katika Bonde la Tully, kusini mwa Syracuse, ambako Solvay ilivuta maji ya chumvi ardhini kwa karibu karne nzima mpaka ardhi ikaanza kutapika tope kwenye kijito, Honeywell ilikubali mwaka 2022 kuwapa Onondaga zaidi ya ekari 1,000 zenye chemchemi za Kijito cha Onondaga na samaki trauti. Hati ilikabidhiwa 2024. Hakuna mwenye nyumba aliyehamishwa na hakuna shamba lililofungwa. Ardhi hiyo imetolewa kama sehemu ya fidia ya uharibifu wa mazingira, na makubaliano yaliyoirudisha yaliwataka Onondaga waandikishiane na idara ya mazingira ya New York masharti ya namna itakavyotumiwa, ikiwemo nafasi kwa watu wa nje kuingia kutembea na kujifunza. Jimbo lililoinunua bila haki ndilo linalowekeana masharti na wenyewe, na katika karatasi za malipo ya kampuni ya kemikali hapakuwa na haja ya mtu kuutaja Mkataba wa Canandaigua.